Kiyoyozi cha miaka 14: tubadilishe kompresa au tununue kipya?

Swali: "Kiyoyozi chetu cha sebuleni kina miaka 14. Ni cha 18,000 BTU, gesi yake R-22. Katika miaka 2 iliyopita kimejazwa gesi mara 3. Sasa kipande cha nje kinanguruma sekunde chache, hakiwaki, kisha breka inajizima. Fundi wa kwanza anasema tubadilishe kompresa. Wa pili anasema kimezidiwa, tununue cha 24,000. Mama yangu ana miaka 78 na anashinda sebuleni hapo mchana kutwa. Nimsikilize nani? Mabomba yaliyofukiwa ukutani yatafaa kwa kipya? Na hiki cha zamani nikifanyeje?"

Jibu:

Pole kwa joto, na mfikishie mama shikamoo yangu. Nianze na yeye, maana mashine inaweza kungoja lakini yeye hapana. Mtu wa umri wake huchelewa kusikia kiu na jasho lake ni haba, kwa hiyo mwili unaweza kuzidiwa kabla mwenyewe hajalalamika. Kwa siku hizi za kusubiri, mhamishieni chumba chenye kivuli zaidi, apewe maji mara kwa mara bila kungoja aombe, na mumpanguse mikono na shingo kwa kitambaa chenye maji huku feni ikimpulizia. Feni nayo ina mpaka wake: hewa ya chumba ikifika nyuzi 40, inamwongezea joto badala ya kumpoza.

Sasa mashine. Nunueni kipya, ila kisiwe cha 24,000 kwa kukisia tu, na msinunue kabla ya kujua kilichokiua hiki. Mafundi wote wawili wamekwambia kitu cha kununua. Hakuna aliyekwambia gesi ilikuwa inatokea wapi, na hapo ndipo kisa chote kilipoanzia.

Kabla ya hatua yoyote, kifanyike kipimo cha dakika kumi. Kompresa inayonguruma bila kuzunguka wakati mwingine haijafa. Kapasita yake ndiyo iliyochoka. Kapasita ni kile kikopo chenye nyaya ndani ya kipande cha nje, kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Huchoka mapema, na gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ya kompresa. Fundi azime umeme, aondoe chaji iliyobaki ndani ya kapasita (inaweza kumrusha mtu hata umeme ukiwa umezimwa, kwa hiyo wewe usiiguse), kisha aipime. Thamani yake ya maikrofaradi imeandikwa ubavuni. Mita ikionyesha pungufu kubwa kuliko asilimia 6 hivi, ibadilishwe. Kapasita ikiwa nzima, apime vichwa vitatu vya kompresa zinapoungwa nyaya: cha kuanzia, cha kuendeshea na cha pamoja. Ukinzani kati ya kichwa cha kuanzia na cha kuendeshea unapaswa kuwa sawa na jumla ya vipimo viwili vya kila kimoja na kile cha pamoja, na pasiwe na njia ya umeme kutoka kichwa chochote kwenda kwenye chuma cha nje. Njia ikiwepo, waya wa ndani umeungua ukagusa chuma hicho, na hiyo ndiyo inayoangusha breka. Mwombe akuonyeshe namba kwenye mita. Fundi anayejua kazi yake hufurahi kuonyesha.

Ikiwa ni kapasita, mtapata wiki au miezi ya kupanga ununuzi bila kukimbizwa na joto. Msidhani mmepona, kwa sababu ugonjwa uko kwenye gesi.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa: kwenye koili ya ndani inageuka mvuke na kubeba joto la chumba, kompresa inaubana mvuke huo, koili ya nje inalitupa lile joto mpaka gesi irudi kuwa kimiminiko, na safari inaanza tena. Kiasi kilichotiwa siku ya kwanza kinapaswa kuwa kilekile miaka 14 baadaye. Kimepungua? Kuna tundu. Aliyejaza mara ya kwanza bila kulitafuta alijaza ndoo inayovuja. Waliofuata walifanya jambo baya zaidi, kwa sababu kompresa ya namna hii hupozwa na gesi baridi inayorudi kutoka ndani, na mafuta ya kuilainisha husafiri pamoja na gesi hiyo. Gesi ikiwa haba, kompresa inachemka na mafuta yanakwama njiani. Kadiri unavyoendelea kuiendesha hivyo, ndivyo unavyoisaga. Kama mliwahi kuona barafu kwenye bomba jembamba au kwenye koili ya ndani wakati hewa inatoka bila ubaridi wa maana, na machujio yalikuwa safi, ile ndiyo ilikuwa dalili.

Sasa fikiria ushauri wa fundi wa kwanza. Kompresa ikiungua, mafuta yake huungua pia na kuzaa tindikali inayosambaa kwenye mabomba na koili zote mbili. Ukifunga kompresa mpya kwenye mzunguko huo bila kuusafisha na kubadilisha kikaushio (kichujio kinachonyonya unyevu ndani ya mzunguko), umeiweka kwenye sumu iliyomuua mwenzake. Hili sikulisoma kitabuni tu. Miaka yangu ya mwanzo nilibadilisha kompresa ya familia moja, nikaona mafuta ni meusi na yana harufu kali, nikaendelea hivyohivyo kwa sababu jua lilikuwa linazama na watoto walikuwa wanalia joto. Haikumaliza miezi miwili. Walikuwa wamekusanya fedha ile kwa shida, na mpaka leo nikiona mafuta meusi namkumbuka baba yule alivyokaa kimya. Kwa mashine changa, yenye gesi inayopatikana na tundu lililokwisha kuzibwa, kubadilisha kompresa ni sawa. Kwa yako siwezi kukushauri hivyo.

Na ipo sababu ya pili, gesi yenyewe. R-22 inaharibu tabaka la ozoni, na kwa hiyo imo kwenye orodha ya gesi zinazoondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. Nchi zilizoendelea zilifikia ukomo wake mwaka 2020. Nchi zinazoendelea zinapaswa kufikia 2030, na kubakiwa na kiasi kidogo tu cha matengenezo hadi 2040. Maana yake kwenu ni kwamba kila mwaka unaopita gesi hiyo itakuwa adimu zaidi, na kitu kikiwa adimu ndipo mitungi bandia inapotokea. Tena kila kilo iliyovuja kwenye mashine yenu imeipasha dunia joto sawa na takriban kilo 1,800 za kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100.

Atatokea mtu wa kuwaambia kwamba mashine ya R-22 inaweza kutiwa gesi nyingine tu. Kataeni. R-410A hufanya kazi kwa shinikizo la karibu mara 1.6 ya R-22. Mabomba, koili na kompresa ya zamani havikuundwa kulibeba, na mafuta yaliyomo hayachanganyiki nayo. R-290, ambayo ni propani, inakaribiana na R-22 kwa shinikizo na hupoza vizuri sana, lakini inawaka kama gesi ya kupikia. Ipo salama ndani ya mashine iliyobuniwa kwa ajili yake, yenye kiasi kidogo na swichi zisizotoa cheche. Kuitia kwenye mashine ya R-22 ni kuweka hatari juu ya kichwa cha mama yako.

Tuje kwenye 24,000. Hapa ndipo familia nyingi hupotea, na ningependa tukae kidogo.

Namba ya BTU ni kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukitoa chumbani kwa saa moja. 12,000 huitwa tani moja, jina lililobaki tangu enzi za kupoza kwa barafu: ni kasi ya joto inayoyeyusha tani moja ya Kimarekani ya barafu, yaani kilo 907, kwa saa 24. Chenu ni tani moja na nusu, sawa na kilowati 5.3 hivi za kupoza. Jiulize: miaka kumi ya mwanzo kilikuwa kinatosha? Kama kilitosha, na hamjabomoa ukuta wala kuongeza vioo, basi chumba hakijakua. Kiyoyozi kilichopungukiwa na gesi hupoza kwa shida, na mtu asiyepima huona ni kidogo.

Kikubwa kupita kiasi kina hasara isiyoonekana dukani. Kiyoyozi kina kazi mbili, kushusha joto na kukausha hewa. Yale maji yanayodondoka nje ni unyevu uliotolewa chumbani, na hautoki mpaka koili iwe baridi na hewa ipite juu yake kwa muda. Mashine kubwa hushusha joto upesi, kipimajoto kinaridhika, inazima kabla maji hayajaanza hata kuchuruzika kwenye sinia. Dakika chache baadaye inawaka tena. Chumba kinakuwa baridi na chepechepe, shuka zinanata, ukungu unaota nyuma ya kabati, na mzee anaomba blanketi huku anatoka jasho. Kuwaka na kuzima huko ndiko pia kunakochosha mota. Hata mashine aliyoisanifu Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, haikukusudiwa kuwaburudisha watu. Ilitakiwa kudhibiti unyevu, kwa sababu karatasi zilikuwa zinavimba na kusinyaa na rangi za picha hazikuangukia mahali pake.

Kwa hiyo mtakeni fundi akokotoe, asikadirie kwa macho kutoka mlangoni. Apime chumba, aulize madirisha yanaelekea wapi, juu kuna dari au bati tupu, wanaokaa ni wangapi, ndani kuna vifaa gani. Mtu aliyekaa tu hutoa joto la wati 100 hivi, hivyo wageni kumi ni kama pasi ya umeme ya wati 1,000 iliyoachwa ikiwaka katikati ya sebule. Televisheni ya wati 150 inaongeza karibu BTU 500 kila saa. Kioo cha magharibi saa za alasiri kinaweza kuwashinda wote hao.

Na kioo hicho kishughulikieni kwanza, kabla ya kwenda dukani. Kivuli kikiwekwa nje ya dirisha, iwe ni turubai, mti au kibaraza, jua linazuiwa halijaingia. Pazia la ndani linapigwa na jua ambalo tayari limevuka kioo, na joto lake linabaki chumbani. Zibeni nyufa za milango. Kama juu ni bati na dari nyembamba, kizuia joto juu ya dari kitawafaa miaka mingi kuliko BTU 6,000 za ziada ambazo mtazilipia umeme kila mwezi. Mara nyingi hayo yakifanyika, hesabu inarudi kwenye 18,000 au chini yake.

Aina: chukueni cha inveta. Kile cha zamani kinajua mambo mawili tu, kwenda kwa nguvu zote au kusimama. Cha inveta hupunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa na kuendelea polepole, hivyo kinakausha hewa vizuri, hakipigi kelele, na umeme wake ni mdogo. Tuchukue mfano. Tuseme cha zamani hutoa kilowati 2.6 za ubaridi kwa kila kilowati 1 ya umeme, na kipya hutoa 3.5. Kupoza kilowati 5.3, cha zamani kinakula karibu kilowati 2, kipya 1.5. Kwa saa 8 za kazi nzito ni tofauti ya yuniti 4 za umeme kwa siku, na hapo bado sijahesabu saa zile ambazo inveta inajiendesha taratibu, ambako ndiko kuokoa kwake kukubwa. Wekeni namba za lebo ya mashine mnayoiangalia na saa zenu halisi, mtapata hesabu yenu. Ila inveta ina bodi ya kielektroniki isiyopenda umeme unaopanda na kushuka. Kama umeme wenu hautulii, kinga yake inunuliwe siku moja na mashine.

Gesi ya kipya iwe R-32, au R-290 kama inapatikana kwa mashine iliyoundwa kwa ajili yake. Kipimo cha kupasha dunia joto cha R-32 ni 675, yaani mara 675 ya kaboni dayoksaidi, na cha R-410A ni 2,088. Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016, yaliyofanyiwa ule Mkataba wa Montreal, yanazipunguza gesi za kundi hili hatua kwa hatua, na zenye kipimo kikubwa ndizo zinazobanwa zaidi. Ukinunua R-410A leo unaweza kujikuta tena mahali ulipo sasa na R-22. R-32 inaweza kushika moto, ingawa kwa shida, hivyo mwongozo wake huweka kikomo cha udogo wa chumba kwa kiasi cha gesi. Fundi auheshimu.

Chapa sitaitaja. Angalieni ni ipi ina vipuri na mafundi karibu nanyi, na dhamana ya kompresa iwe kwenye karatasi. Kama mko karibu na bahari, ulizeni kama koili ya nje imepakwa kinga ya chumvi.

Mabomba ya ukutani: msiyatumie tena. Wapo watengenezaji wanaoruhusu kutumia mabomba ya zamani kwa masharti ya kipenyo, unene na usafi. Bomba la shaba la mpaka milimita 12.7 linatakiwa liwe na unene usiopungua milimita 0.8 kwa shinikizo la gesi za sasa, na mabaki ya mafuta ya zamani lazima yaoshwe. Lakini kwenu tundu halijapatikana. Linaweza kuwa kwenye koili, kwenye nati, au humohumo ndani ya ukuta, na kompresa ikiwa imeungua kuna tindikali pia. Kufunga mashine mpya kwenye bomba linaloshukiwa ili kuokoa plasta sikubaliani nako hata kidogo. Kama hamtaki kubomoa, mabomba mapya yapite juu ya ukuta ndani ya mfuniko wake.

Siku ya kufunga ndiyo itakayoamua kama mtaniuliza swali hili tena baada ya miaka 5 au baada ya 15, kwa hiyo uwepo nyumbani na uangalie. Mambo matatu usiyaachie.

La kwanza, mabomba yajaribiwe kwa naitrojeni kavu kwa shinikizo lililoandikwa kwenye mwongozo, viungo vipakwe povu la sabuni, na geji iachwe kwa muda ionekane haishuki. Naitrojeni, kamwe si oksijeni: oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta hulipuka, na mafundi wamekufa hivyo. La pili, hewa yote ivutwe kwa pampu ya vakyumu mpaka chini ya maikroni 500 (maikroni hapa ni kipimo cha shinikizo dogo sana), ikipimwa kwa geji ya vakyumu yenyewe. Atakayekwambia "nimeiacha dakika 20, inatosha" amepima saa, hajapima bomba. Unyevu uliobaki ndani huchemka na kutoka pale tu shinikizo linaposhuka hivyo; ukibaki unakuja kuzaa ile tindikali. Pampu ikifungwa, namba isubiriwe: ikipanda na kuendelea kupanda, kuna tundu. Ikipanda kidogo ikatulia, bado kuna maji. Atakayetaka kupuliza gesi kidogo ili isukume hewa nje badala ya kutumia pampu, msimamishe papo hapo. La tatu, gesi ya kiwandani inatosha urefu fulani wa bomba ulioandikwa kwenye kibao cha mashine. Bomba likizidi, nyongeza ni gramu kadhaa kwa kila mita, na hupimwa kwa mizani. Haipimwi kwa kushika bomba na kiganja.

Mengine ni ya kawaida: waya wake wenyewe kutoka kwenye boksi la umeme na breka inayolingana na kibao, waya wa ardhini, bomba la maji lenye mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita, na kipande cha nje kipate hewa pande zake badala ya kubanwa kwenye kona. Cha ndani kisimpulizie mama moja kwa moja pale anapokaa. Muwekee nyuzi 26 na feni ya polepole. Kwa hewa iliyokauka vizuri, huo ni ubaridi wa kutosha kabisa.

Kikishawaka kwa nusu saa, pimeni joto la hewa inayoingia juu na inayotoka chini. Mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote, tofauti huwa kati ya nyuzi 8 na 12. Iandikeni pamoja na tarehe, mbandike karatasi hiyo ndani ya kabati. Mwaka ujao mkipima katika hali hiyohiyo na kukuta imeshuka huku machujio ni safi, mtaijua shida mapema kabla kompresa haijaanza kuumia.

Cha zamani kisikatwe bomba likaachwa lipulize hewani. Kompresa ikiwa hai, fundi hufunga vali na kuirudisha gesi yote ndani ya kipande cha nje. Yenu ikiwa imekufa, hilo haliwezekani. Inahitajika mashine ya kunyonya gesi na mtungi wake maalumu, kisha mafuta yamwagwe kwenye chombo, na hapo ndipo shaba na alumini viende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mafundi wengi hawana mashine hiyo au huiacha dukani. Mwambie anayekuja kufunga kipya aje nayo siku hiyohiyo, na mkubaliane hivyo kabla hajapanda ngazi.